Mama mwenye VVU: namna ya kuchagua lishe ya mtoto mchanga na kuisimamia mpaka mwisho

Mtoto wa mama anayeishi na VVU ana hatari mbili mbele yake, na ushauri unaotaja moja ukaficha nyingine unampotosha mama. Hatari ya kwanza ni virusi kupita katika maziwa ya mama. Ya pili ni kuhara, nimonia na utapiamlo, ambavyo humwandama zaidi mtoto asiyenyonya, hasa pale maji safi yanapokuwa ya shida.

Bila dawa yoyote, kunyonya kwenyewe huambukiza kati ya watoto 5 na 20 katika kila watoto 100 wanaozaliwa na akina mama wenye VVU. Dawa zimebadilisha hesabu hiyo kabisa. Utafiti wa PROMISE, uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na India, ulikuta kwamba kwa akina mama waliotumia ARV (dawa za kufubaza VVU) huku wakinyonyesha, waliopata virusi ni watoto 3 hivi katika kila 1,000 walipofika miezi 6, na 6 hivi katika kila 1,000 walipofika miezi 12.

Hatari ya upande wa pili nayo si ya kubuni. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, Botswana ilikumbwa na mlipuko wa kuhara kwa watoto wadogo. Serikali ilikuwa ikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye VVU, kwa nia njema kabisa. Maji yalipochafuka, walioumia na kufa zaidi walikuwa watoto wasionyonya.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni njia ipi utakayoweza kuishika kila siku, mchana na usiku, bila kuchanganya na nyingine? Mwongozo huu unafuata swali hilo tangu ujauzito mpaka kipimo cha mwisho cha mtoto. Hauchukui nafasi ya muuguzi au daktari wako. Utakusaidia kujua cha kumwuliza.

Hatua ya 1: Jua kiwango chako cha virusi

Kabla ya kuzungumza habari ya ziwa au kopo, uliza jambo moja kliniki: kipimo changu cha mwisho cha kiwango cha virusi kilichukuliwa lini, na kilisema nini? Usiridhike na kuambiwa "uko vizuri." Omba namba yenyewe na uiandike.

Namba hiyo huhesabiwa kwa nakala za virusi katika mililita 1 ya damu. Ikiwa chini ya 50, watu husema virusi havionekani. Ikifika 1,000 na zaidi, dawa hazijafanya kazi yake, ama kwa sababu hazimezwi ipasavyo, ama kwa sababu virusi vimeanza kuzizoea. Kati ya hapo kuna eneo la kufuatiliwa kwa karibu. Kipimo cha miezi ya mwisho ya mimba, karibu na wiki ya 34 hadi 36, ni cha kupigania usikikose, maana ndicho kinachoamua mtoto apewe dawa gani za kinga akizaliwa. Baada ya kujifungua, miongozo mingi hutaka upimwe tena mtoto akiwa na miezi 3, kisha kila miezi 6 mpaka aache ziwa.

Kama umeanza ARV mimba ikiwa kubwa, useme wazi. Dawa huhitaji wiki kadhaa kuvishusha virusi. Mama aliyemeza dawa kwa chini ya wiki 4 kabla ya kujifungua anahesabiwa kuwa na mtoto aliye katika hatari kubwa, na kinga ya mtoto huyo huwa nzito zaidi. Huo ni utaratibu wa kumlinda mtoto, wala si adhabu kwa mama aliyechelewa kujua hali yake.

Jambo moja huwachanganya wengi. Umesikia kwamba virusi visipoonekana haviambukizi. Kwa tendo la ndoa ni kweli tupu. Kwa kunyonyesha, hatari inashuka sana, chini ya mtoto 1 katika 100, lakini wataalamu hawajasema ni sifuri. Sababu moja inayodhaniwa ni kwamba maziwa hubeba chembe hai za mwili, na ndani ya chembe hizo virusi huweza kujificha hata damu ikionyesha haviko. Mama ana haki ya kuelezwa jambo hili kabla hajaamua, na bado akaamua kunyonyesha kwa moyo mkunjufu.

Hatua ya 2: Pima uwezo wako wa kutumia maziwa ya kopo, kwa ukweli

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka masharti ya kutimizwa kabla mama mwenye VVU hajachagua maziwa ya kopo. Kwa maneno ya kawaida ni haya: maji salama na choo safi nyumbani na mtaani, uhakika wa kupata maziwa ya kutosha mtoto akue vizuri, uwezo wa kuyaandaa kwa usafi na mara nyingi kiasi cha kutosha, uwezo wa kumpa hayo tu kwa miezi 6 ya mwanzo, familia inayounga mkono, na kituo cha afya cha kukimbilia mtoto akiugua. Likikosekana moja, mpango mzima unalegea.

Sasa yageuze masharti hayo yawe maswali ya nyumbani kwako. Mtoto mmoja hutumia kilo 20 hivi za maziwa ya unga katika miezi 6 ya kwanza, yaani makopo 40 ya gramu 500. Nani atayanunua, na mshahara ukichelewa itakuwaje? Saa 8 usiku mtoto akilia, utaweza kuwasha moto au jiko, kuchemsha maji, kuosha kikombe na kupima unga, kisha urudie baada ya saa 3? Ukisafiri kwenda msibani siku mbili, utabeba vipi maji na vyombo? Ukiona unajibu "nitajitahidi" mara nyingi kuliko "ninaweza," hilo nalo ni jibu.

Sera ya nchi uliyopo ina uzito pia. WHO huziachia nchi zenyewe ziamue zitahimiza njia ipi katika huduma za umma. Nchi nyingi zenye watu wengi wanaoishi na VVU huhimiza kunyonyesha huku mama akitumia ARV. Nchi tajiri kwa miaka mingi zilimkataza mama kabisa. Msimamo huo umelegea: Marekani, Januari 2023, ilibadilisha mwongozo wake ili mama na mtaalamu waamue pamoja, na Uingereza pia humsaidia mama anayetaka kunyonyesha maadamu virusi vimefubaa na anafuatiliwa kwa karibu. Ikiwa unaishi huko na unaogopa kutajwa kama mama mzembe kwa sababu tu umeuliza, uliza. Ni haki yako.

Hatua ya 3: Amua kabla ya uchungu kuanza

Saa ya kwanza baada ya kujifungua hupita haraka, nawe umechoka. Ukiwa hujaamua, mtu mwingine ataamua kwa ajili yako, na mara nyingi ataanza na njia moja kisha wewe uendelee na nyingine. Mwambie mkunga au muuguzi uamuzi wako kabla ya siku zako kufika, na uombe uandikwe kwenye kadi. Ukichagua kunyonyesha, mtoto awekwe kifuani ndani ya saa 1 ya kuzaliwa. Maziwa ya mwanzo, yale ya njano na mazito, ni yake. Yasikamuliwe yakamwagwa.

Uliza siku hiyohiyo dawa ya kinga ya mtoto utaipata wapi ukijifungulia mahali ambapo hukupanga.

Hatua ya 4: Ukichagua kunyonyesha

Ulinzi wa kwanza wa mtoto uko kwenye kidonge chako. Kimeze kila siku saa ileile. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa saa ya dozi inayofuata imekaribia. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Wengi huteleza wiki za kwanza baada ya kujifungua, usingizi unapovurugika na wageni kujaa nyumbani. Weka kengele ya simu, na weka kidonge kimoja au viwili vya akiba kwenye mkoba unaotoka nao. Nenda kuchukua dawa kabla hazijaisha, usingoje kopo la vidonge liwe tupu.

Kwa miezi 6 ya kwanza mpe maziwa yako tu. Maji asipewe, hata ya kuchemsha, hata wakati wa joto. Wala maji ya sukari, juisi, dawa za mitishamba au maziwa mengine. Dawa alizoandikiwa na mtaalamu, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini akiharisha, na matone ya vitamini zinaruhusiwa.

Sharti hili lina ushahidi wa muda mrefu. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama pekee waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa vyakula, na hapo ARV zilikuwa bado hazijawafikia akina mama hao. Utumbo wa mtoto mchanga una ngozi nyororo. Vyakula vingine huuwasha na kuuchubua, na mchubuko ni mlango wa virusi. Tena mtoto aliyeshibishwa maji hunyonya kidogo, maziwa hubaki yamejaa, ziwa huvimba, na ziwa lililovimba hutoa virusi vingi zaidi.

Lakini hapa pana kosa linalofanywa na watoa ushauri wenye nia njema. Humtisha mama kuhusu kuchanganya mpaka siku bibi wa mtoto akimpa kijiko cha maji, mama anaachisha ziwa kwa hofu. Usifanye hivyo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unasema wazi kwamba mama akiwa kwenye ARV, kuchanganya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Rudi kwenye maziwa yako pekee, mweleze muuguzi, endelea na dawa.

Namna mtoto anavyoshika ziwa ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mshiko mbaya ndio unaochana chuchu. Mlaze mwili wake wote ukikutazama, tumbo lake likigusa lako, pua ikielekea chuchu. Ngoja afungue mdomo mpana kama anayepiga miayo, kisha msogeze haraka kwako. Usilipeleke ziwa kwake. Akishika vizuri, kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayoizunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utasikia akimeza, si kufyonza kwa mlio. Ukihisi maumivu makali yasiyoisha baada ya mafyonzo machache ya mwanzo, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, mtoe, uanze upya.

Chuchu ikipasuka na kutoa damu, au ziwa likiwa gumu, jekundu, la moto na homa ikakupanda, hatari inapanda nayo. Mnyonyeshe ziwa lililo zima. Lile linalouma endelea kulikamua ili lisijae na kufanya jipu, lakini maziwa yake usimpe mpaka lipone. Nenda kituoni siku hiyohiyo, maana unaweza kuhitaji antibayotiki. Angalia na kinywa cha mtoto: utando mweupe usiofutika au vidonda ni fangasi, na mnatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja.

Ukitakiwa kurudi kazini, kamua. Maziwa yako yakiwa kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba na siku 4 kwenye jokofu. Apewe kwa kikombe kidogo. Chupa na chuchu za plastiki ni vigumu kuzisafisha, na huwafanya baadhi ya watoto wasishike ziwa vizuri tena.

*Dawa ya mtoto.* Kwa kawaida ni nevirapini ya maji, mara 1 kwa siku tangu anapozaliwa, kwa wiki 6. Aliye katika hatari kubwa hupewa dawa zaidi ya moja, kwa mfano nevirapini pamoja na zidovudini, na kinga yake huendelea kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi mpaka wiki 12. Nchi nyingine zina muda wao, fuata ulioandikiwa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma dawa polepole pembeni ndani ya shavu, siyo moja kwa moja kooni. Kipimo hubadilika kadiri anavyokua, kwa hiyo kila ukienda kliniki uliza kama mililita ni zilezile. Na uliza mapema ufanye nini akiitapika. Jibu hilo ni bora ulijue kabla.

*Dawa zako zikikatika.* Labda safari imerefuka, labda kituo hakina dawa. Siku chache bila ARV huruhusu virusi kupanda, kwa hiyo usinyamaze. Piga simu au nenda kituo chochote cha karibu chenye huduma ya VVU. Wengi watakupa dozi za kukuvusha. Mtoto anaweza kurudishiwa dawa ya kinga kwa muda. Njia nyingine ya kuvuka siku hizo ni kukamua maziwa na kuyapitisha kwenye moto, jambo linaloua virusi huku likihifadhi sehemu kubwa ya ubora wake.

Hufanywa hivi. Kamua mililita 50 hadi 150 kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, bila kifuniko. Isimamishe ndani ya sufuria, jaza maji mpaka yapite usawa wa maziwa kwa vidole 2 hivi. Washa moto mkali na usiondoke. Maji ya sufuria yanapotokota kwa mapovu makubwa, toa chupa papo hapo kwa kitambaa; ukiyaacha yaendelee unayaharibu. Funika, acha yapoe, mpe kwa kikombe ndani ya saa chache. Njia hii inafaa pia wakati ziwa linauma, au mtoto amezaliwa njiti na hana nguvu ya kunyonya. Kwa miezi 6 mizima ni mzigo mkubwa mno. Ichukue kama daraja la kuvukia tu.

Hatua ya 5: Ukichagua maziwa ya kopo

Hapa usafi na kipimo ndio ulinzi wenyewe. Tumia maziwa ya watoto wachanga yaliyoandikwa ni ya kuanzia kuzaliwa. Maziwa ya mnyama, ya mkebe yenye sukari na unga wa kuwekea chai havimfai mtoto aliye chini ya miezi 6.

Maziwa ya unga si kitu kisicho na vijidudu, hata kopo likiwa limefungwa. Ndiyo maana maji ya uvuguvugu hayatoshi. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha kikombe na kijiko. Chemsha maji mapya mpaka yatokote, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30 ili yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi. Pima maji kwanza kama kopo linavyoelekeza, kisha weka unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, ukikisawazisha kwa mgongo wa kisu. Usishindilie, usikijaze mlima. Koroga, kisha simamisha kikombe kwenye maji baridi mpaka tone likidondoka kwenye kifundo cha mkono wako lihisi vuguvugu. Mpe. Kilichobaki baada ya saa 2 kimwage.

Kuyarefusha maziwa kwa maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni njaa isiyoonekana. Mtoto hushiba tumbo, mwili unadhoofu. Kadiria hivi: mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 4 anahitaji mililita 600, na akila mara 8 hiyo ni mililita 75 kila mlo. Siku za mwanzo kabisa kiasi ni kidogo na hupanda siku hadi siku. Mizani ya kliniki ndiyo itakayosema kama kinatosha.

Mbebe kwenye mkono mmoja, mgongo wake ukiwa umeinuka, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na acha alambe mwenyewe. Usimmiminie. Mpakate kifuani ngozi kwa ngozi. Ukaribu huo haukatazwi na chochote.

Na ziwa, je? Litajaa siku ya 2 au ya 3, litauma. Vaa sidiria inayobana kiasi, tumia kitambaa cha maji baridi, kamua kidogo tu pale maumivu yanapozidi. Zipo pia dawa za kukausha maziwa, muulize daktari. Kishawishi kikubwa ni kumpa ziwa usiku mmoja tu ili anyamaze. Ukijikuta unafanya hivyo mara kwa mara, rudi kliniki ukaseme bila woga. Huenda njia uliyochagua haikufai, nayo inaweza kubadilishwa kwa mpango wenye dawa ya kinga kwa mtoto. Kufanya kwa siri ndiko kunakomwacha mtoto bila ulinzi.

Hatua ya 6: Watu wa nyumbani

Mipango mingi huvunjikia hapa. Bibi wa mtoto, shangazi au jirani ana mamlaka yake, na anampenda mtoto kweli. Akiwa hajui hali yako, anaona mtoto analia na wewe unakataza maji. Akiwa hajui kwa nini hunyonyeshi, anaanza kuuliza.

Kwa anayenyonyesha, kuna maneno ya kweli yasiyofichua kitu: "Mama, kliniki wamesema tumbo lake bado ni changa, asipewe chochote ila maziwa yangu mpaka atimize miezi 6." Ushauri huo ni wa kila mtoto duniani. Kwa anayetumia kopo: "Kuna dawa ninazotumia, daktari amenishauri nitumie maziwa haya." Hakuna anayekulazimisha kueleza zaidi.

Hata hivyo, kuwa na mtu mmoja anayejua ukweli hupunguza mzigo kuliko maelezo yoyote. Ni mtu wa kukukumbusha kidonge na kukulindia mlango wageni wanapokuja na ushauri wao. Ikiwa kumwambia mume au mwenza kunaweza kukuletea kipigo au kufukuzwa, usikurupuke. Omba mnasihi akusaidie kupanga lini, wapi na mbele ya nani.

Mwenza naye apime. Hili linamhusu hata mama aliyekutwa hana VVU wakati wa mimba. Anayeambukizwa akiwa ananyonyesha huwa na virusi vingi mno katika wiki za mwanzo, hana dawa, na hajui. Mtoto wake yuko katika hatari kubwa kuliko wa mama anayemeza ARV miaka yote. Kurudia kipimo wakati wa kunyonyesha, kutumia kondomu, au dawa za kinga kwa asiye na virusi, vyote ni sehemu ya lishe salama ya mtoto.

Hatua ya 7: Baada ya miezi 6

Mtoto aanze chakula laini lakini kizito, mara 2 hadi 3 kwa siku, kisha mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9. Anayenyonya aendelee kunyonya. WHO inashauri mama mwenye VVU anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kufika miezi 24 au zaidi kama mama asiye na virusi, mradi anashikilia dawa zake. Ukijua utaweza muda mfupi zaidi, hata huo ni bora kuliko kutonyonyesha kabisa. Wa kopo bado anahitaji maziwa mpaka mwaka 1 na zaidi. Sasa maziwa ya mnyama yaliyochemshwa yanaweza kutumika.

Ukifika wakati wa kumwachisha, chukua mwezi mzima. Kumkatia ghafla kulishauriwa zamani kwa dhana kwamba kunaokoa. Utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, ulionyesha kwamba kuachisha ghafla katika miezi 4 hakukuongeza watoto waliobaki hai bila virusi. Ziwa linalojaa kwa ghafla pia hupandisha virusi ndani ya maziwa. Punguza mlo mmoja wa ziwa kila baada ya siku chache, mzoeshe kikombe kwanza, na endelea na ARV zako kama kawaida. Hizo ni za maisha. Kama mtoto bado alikuwa anatumia dawa ya kinga, huendelea nayo wiki 1 baada ya tone la mwisho la maziwa yako.

Hatua ya 8: Vipimo vya mtoto

Damu yake huchukuliwa kisiginoni, matone machache kwenye karatasi maalumu, akiwa na wiki 4 hadi 6. Baadhi ya nchi hupima pia anapozaliwa. Kipimo hiki hutafuta virusi vyenyewe. Kile cha kawaida cha kingamwili hakifai kutolea uamuzi mapema, kwa sababu kingamwili zako humkaa mwilini mpaka karibu miezi 18. Hurudiwa akiwa na miezi 9, na wakati wowote akidhoofu au kuugua mara kwa mara. Cha mwisho ni akifika miezi 18, au miezi 3 baada ya kuacha ziwa, kati ya hizo siku itakayochelewa zaidi. Wengi hukiruka hiki cha mwisho wakiamini kile cha wiki 6 kimemaliza habari. Hakijamaliza maadamu ananyonya. Wakati huo wote atakuwa anatumia kotrimoksazoli, iliyoanza karibu na wiki ya 6, ili kumkinga na nimonia na maambukizi mengine.

Majibu fuata mwenyewe. Usingoje kuitwa.

Akikutwa ana virusi, dawa zake za ARV zianze mara moja, huku sampuli ya pili ikichukuliwa kuthibitisha. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2, kwa hiyo kila wiki ina thamani. Ziwa usimwachishe. Mtoto huyu anahitaji maziwa yako kuliko alivyoyahitaji jana, na anashauriwa kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Siku hiyo omba wewe pia upimwe kiwango cha virusi, na uwapeleke watoto wako wengine nyumbani ambao hawajawahi kupimwa.